Kimya cha Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alikuwa na kazi ya kumwandalia Babu chai. Haikuwa kazi ngumu. Kikombe kiliwekwa upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa bado mzito, na mkate ulikatwa vipande vidogo. Kazi ngumu ilikuwa ni kunyamaza Babu anapoongea, na hiyo Kasuku hakuiweza hata kidogo.

Jina hilo la Kasuku alipewa na Babu mwenyewe, enzi hizo msichana huyu anajifunza kutembea, kwa sababu mdomo wake haukufungwa hata ukiwa na chakula ndani. Shuleni wakalidaka. Walimu nao wakalizoea, na mwenyewe akawa anaitika bila kinyongo.

“Nipe...” Babu alisema asubuhi hiyo, kidole kikiwa juu. “Nipe... ile...”

“Sukari!” Kasuku akadakia.

Babu akatikisa kichwa. “Ile... ya...”

“Kijiko! Hapana, kitambaa! Unataka kitambaa, Babu? Au nikufungulie dirisha?”

Akaleta sukari, akaleta kijiko, akaleta kitambaa, na dirisha akalifungua. Babu akavitazama vitu vyote hivyo vilivyorundikwa mbele yake, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akajichukulia miwani yake iliyokuwa juu ya redio.

“Mwache mwenzio amalize!” Bibi alimwambia kutoka jikoni. “Treni yake haijaingia stesheni, wewe umeshashusha mizigo!”

Bibi alikuwa na sababu ya kutaja treni. Kwa miaka mingi Babu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli. Yeye ndiye aliyekaa katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, mbele ya kipaza sauti, akiwaambia abiria treni ipi inaingia na ipi inaondoka. Watu wengi mjini hawakumjua kwa sura. Lakini akiingia dukani na kuomba kiberiti tu, vichwa vyote viligeuka, maana sauti ile waliijua tangu utotoni. Ilikuwa sauti nzito, iliyonyooka, isiyo na haraka wala wasiwasi.

Kisha mwaka uliopita Babu akapatwa na kiharusi. Mguu ulirudi upesi, mkono ukafuata polepole, lakini maneno yakawa yanagoma. Kila wiki alikuja nyumbani mtaalamu wa matamshi, mwanamke mpole mwenye mkoba uliojaa kadi za picha, akamfanyisha Babu mazoezi ya kutamka.

“Maneno yote yamo kichwani mwake,” aliwaeleza siku ya kwanza. “Hajasahau kitu. Kilichoharibika ni njia ya kuyatoa mdomoni, na sasa anaijenga upya, neno moja moja. Nawaombeni kitu kimoja tu. Msimmalizie.”

“Hatutammalizia!” Kasuku aliitikia kwa nguvu. Babu akafungua mdomo aseme asante, na kabla hajafika nusu, Kasuku akamsaidia kuimalizia.

* * *

Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya wanahabari. Mwalimu wao aliwahi kufanya kazi redioni kabla hajaanza kufundisha, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akimsikiliza mtu. Klabu ilikutana baada ya masomo katika chumba cha kompyuta nyuma ya maktaba. Vifaa vyao havikuwa vingi: kinasa sauti kimoja, kamera moja, na kompyuta moja iliyochoka ambayo kila mara ilitoa onyo kuwa imejaa.

“Mwaka huu hatuandiki gazeti la ukutani,” mwalimu aliwaambia. “Tutasimulia habari kwa sauti, picha na maandishi kwa pamoja. Vyuoni wanaiita medianuwai. Sisi tuiite simulizi, inatosha. Haya, fumbeni macho.”

Wakafumba. Mwalimu akabonyeza kitufe, ikasikika sauti ya ufagio ukifagia taratibu. Fya, fya, fya. Ukasimama. Ukaendelea.

“Mmeona nini?”

“Uwanja mkubwa,” mmoja akasema.

“Mtu aliyechoka,” akasema mwingine. “Alisimama kunyoosha mgongo.”

“Nani kawaambia kachoka? Hajasema neno!” Mwalimu alifurahi sana. “Mmesikia pale aliposimama. Sasa shikeni jambo la pili. Picha isirudie kile ambacho sauti imekwisha kusema. Sauti ikisema mlango, msinionyeshe mlango. Nionyesheni anayesubiri ufunguliwe. Na la tatu, ukimhoji mtu, uliza, halafu funga mdomo. Mwanahabari anayeongea kuliko mwenye habari anajihoji mwenyewe.”

Darasa zima likamgeukia Kasuku.

“Jamani, kwani mimi nimesema nini?” akalalamika, na kicheko kikalipuka.

Kila wawili walipaswa kutengeneza simulizi moja kuhusu mtu wa karibu anayefanya kazi ngumu, na simulizi hizo zingeonyeshwa ukumbini siku ya wazazi. Kasuku alipangwa na mvulana aliyepachikwa jina la Betri kwa kuwa hakuchoka kamwe. Betri angepiga picha, na Kasuku angerekodi na kuhariri sauti. Hawakuhangaika kumtafuta mtu wao. Walimchagua Babu, na kazi yake ngumu ilikuwa kujifunza kusema tena.

Babu alikubali. Siku ya kurekodi alinyolewa ndevu na Bibi, akavaa koti lake la stesheni lenye vifungo vya shaba, ingawa Kasuku alimweleza kwamba kinasa sauti hakioni koti. Wakakaa kwenye benchi la barazani. Betri akazunguka na kamera. Kasuku akauliza swali, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe ili asije akavunja ahadi.

“Babu, katika kazi yako ya stesheni, ulipenda nini zaidi?”

Babu akafikiri. “Abiria...” akasema. Ikapita kitambo. “Abiria... wa... mwisho.”

Ilimchukua karibu alasiri nzima kuieleza habari hiyo. Treni ikikaribia kuondoka, Babu alikuwa akichungulia kupitia dirisha lake la kioo. Akimwona mtu anakuja mbio na mizigo, alilivuta lile tangazo la mwisho, akalitamka polepole mno, kwa maana mlinzi wa treni hakupuliza filimbi mpaka tangazo liishe. Mkuu wa stesheni aliwahi kumwita ofisini na kumuuliza kama ameanza kuwa na kigugumizi. Na siku moja abiria wa mwisho alikuwa msichana aliyekuja mbio na kiatu kimoja mkononi. Siku hiyo Babu alilivuta tangazo mpaka watu wakaanza kucheka behewani. Msichana akapanda. Wiki iliyofuata alirudi kushukuru.

“Ndiye... huyo,” Babu alisema, akimwonyesha Bibi kwa kidevu.

“Kiatu kilikatika ukanda,” Bibi alijitetea kutoka mlangoni, uso umemng’aa. “Sikuwa nimechelewa.”

* * *

Kesho yake Kasuku alivaa hedifoni mbele ya kompyuta, akaanza kusikiliza. Furaha yake ikaanza kuyeyuka.

Barazani kulikuwa na macho ya Babu, mikono yake, kicheko chake cha upande. Ndani ya hedifoni hakukuwa na vitu hivyo. Kulikuwa na neno, halafu kimya. Pumzi. Neno lililovunjika katikati. Ulimi ukigonga meno. Kimya tena, kirefu. Kasuku aliwaza ukumbi uliojaa watu, akaona jinsi watakavyotazamana na kucheka chini chini. Moyo ukamuuma. Tena, kusema kweli, aliikumbuka mno ile sauti ya zamani. Aliitamani tangu siku ile Babu alipolazwa hospitalini, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Kwenye skrini sauti ilionekana kama vilima vidogo, na kimya kilikuwa mstari uliolala. Kulikuwa na alama ya mkasi. Kasuku akaukata mstari wa kwanza uliolala, vilima viwili vikakutana. Akasikiliza. Babu alisema “abiria wa” bila kusita!

Akakata mwingine. Akakata pumzi, akakata neno lililovunjika, akachukua mwanzo wa neno huku na mwisho wake kule, akaviunganisha. Alifanya kazi hiyo kila siku baada ya masomo, na mwishowe habari nzima ikawa fupi, laini, inateleza. Babu wa zamani alikuwa anaongea. Kasuku alisikiliza huku machozi yakimtoka. Kompyuta ilipotoa onyo kwamba imejaa, akafuta ile sauti ya mwanzo. Akaifuta pia kwenye kinasa sauti, kwa kuwa kundi jingine lilikuwa likikisubiri.

“Mbona imekuwa fupi hivi?” Betri aliuliza alipoisikia.

“Nimeisafisha.”

“Mwalimu anajua?”

“Kuhariri ndiyo kusafisha, Betri. Unataka watu wamcheke babu yangu?”

Betri hakutaka watu wamcheke babu wa mtu. Akarudi kwenye picha zake, lakini alijikuna kichwa kwa muda mrefu.

Siku ya kusikilizana kazi, mwalimu aliinamisha kichwa chake upande mmoja, akasikiliza mpaka mwisho. “Sauti safi kabisa,” akasema. “Kasuku, babu yako amepona kiasi hiki? Nilisikia hali yake ilikuwa mbaya.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Palikuwa wazi mbele yake, na ulimi wake haukuwa na kiharusi chochote.

“Anaendelea vizuri, mwalimu,” Kasuku akajibu. Klabu nzima ikampigia makofi.

* * *

Jioni hiyo aliwasikilizisha nyumbani kwa simu ya Mama. Walikuwepo Mama, Bibi na Babu mezani. Sauti ikatoka, nzito, iliyonyooka. Mama akashika shavu, macho yakamjaa machozi. “Baba!” akasema. “Ni wewe kabisa!”

Babu alisikiliza akiwa ameinama. Habari ilipokwisha, alionyesha kwa kidole irudiwe. Ikarudiwa. Akainua uso wake, akamtazama mjukuu wake.

“Huyu...” akasema. Akasubiri neno, nalo likawa halitaki kuja. “Huyu... nani?”

“Ni wewe, Babu!” Kasuku akacheka. “Nimekurekebisha tu kidogo!”

Babu hakucheka. Akainuka kwa taratibu, akaenda chumbani kwake.

Asubuhi hakusema “nipe”. Alionyesha kwa kidole, na kisichofikiwa na kidole akakiacha. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Mtaalamu wa matamshi alipokuja na mkoba wake, akamwamkia, “Shikamoo, baba,” Babu alimpungia mkono tu. Kadi zikapangwa mezani: nyumba, paka, ndoo. Babu akazikusanya zote kwa mkono wake wa kushoto, akazirudisha mkobani, akaufunga.

Mtaalamu akatoka na Mama mpaka barazani. Kasuku alisikia kila kitu kupitia dirishani.

“Nini kimetokea? Alikuwa anaendelea vizuri. Akiacha kusema sasa, ile njia itajifunga tena, na sijui kama tutaifungua mara ya pili.”

Kasuku aliondoka dirishani. Akakimbilia jikoni kwa Bibi.

“Bibi, Babu anaumwa?”

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. “Haumwi. Ameona haya.”

“Ameona haya kwa nini?”

“Alivaa koti lake. Alikaa alasiri nzima anayatafuta maneno, mengine nikiona kabisa jasho linamtoka, na alipoyapata akakupa wewe. Wewe ukamrudishia mtu mwingine, ukamwambia huyu ndiye mzuri. Angefanyaje? Amenyamaza asikuaibishe.”

“Lakini Mama alifurahi! Hata wewe hukusema kitu!”

“Nami nilifurahi,” Bibi alisema, na sasa mikono yake ikasimama juu ya ungo. “Sauti ile ni ya mtu aliyenioa. Nimeikosa kuliko ulivyoikosa wewe. Lakini ninayeishi naye ni huyu aliyeko chumbani, na huyu nampenda na kimya chake. Tulimkosea sote siku ile, mjukuu wangu. Ila wewe ndiye uliyeshika mkasi.”

Kasuku akaketi chini jikoni pale, akalia mpaka akapata kwikwi.

* * *

Kesho yake aliingia chumba cha kompyuta kabla ya wenzake. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, na yote yakamwishia mlangoni.

“Mwalimu, sauti ya babu yangu si ya kweli,” akasema. “Nilikata vimya vyote. Hajapona hivyo. Uliponiuliza nilikudanganya.”

Mwalimu akavuta kiti, akamketisha. Akainamisha kichwa upande mmoja na kumwacha aeleze yote, bila kumkatiza wala kumsaidia neno. Kasuku alipofika kwenye zile kadi zilizorudishwa mkobani, alianza sentensi mara tatu kabla ya kuimaliza.

“Mimi nimekata sauti nyingi maishani mwangu,” mwalimu alisema alipohakikisha amemaliza. “Nimekata vikohozi, nimekata mbwa wa jirani, nimekata wazee wanaorudia jambo lile lile. Mkasi si dhambi. Ila kila nikikata najiuliza, anayesikia atamjua mtu huyu kama alivyo, au nimemtengenezea mtu mwingine? Ulikuwa unasimulia habari za mtu anayejifunza kusema. Ukaondoa kujifunza. Kilichobaki ni nini?”

“Hakuna kitu,” Kasuku akasema kwa sauti ndogo.

“Na lile jibu ulilonipa mbele ya wenzako limeniuma kuliko huo mkasi. Nilikupongeza kwa kazi ambayo hukuifanya. Lakini leo umekuja mwenyewe, hakuna aliyekuburuta, na hilo nimeliona. Sauti ya mwanzo ipo?”

“Niliifuta.”

“Basi simulizi huna,” mwalimu akasema. “Babu unaye. Nenda kwanza ukatengeneze na babu. Kinasa sauti kiache hapa, usije ukadhani unakwenda kazini.”

Wenzake walipoingia, Kasuku aliwaambia na wao. Hakuna aliyecheka. Betri alimsogezea kiti chake, ingawa kulikuwa na viti vingi vitupu.

* * *

Jioni Babu alikuwa kwenye benchi la barazani, anaangalia barabara. Kasuku akaketi kando yake.

“Babu, nisamehe,” akasema. “Niliogopa watu watakucheka. Sauti yako ya sasa niliionea haya, na ni yako, na umeifanyia kazi. Sitakukata tena. Mwalimu nimeshamwambia ukweli.”

Alikuwa na mengine ya kuongeza. Alikuwa nayo tele, yamejipanga mpaka kwenye meno. Lakini akafunga mdomo, na safari hii hakujiziba kwa kiganja. Akasubiri tu.

Babu hakusema kitu. Jirani akapita na baiskeli, akawapungia mkono. Mwanga ukaanza kupungua ukutani. Kasuku hakuwahi kukaa kimya namna hiyo maishani mwake, na alishangaa kugundua kuna mengi ya kusikia humo: pumzi ya Babu ikipanda na kushuka, kidole chake kikigonga goti taratibu, kana kwamba kinahesabu mabehewa yanayopita.

“Mimi...” Babu akasema mwishowe.

Kasuku akatulia.

“Mimi... nili... nilisubiri... watu.” Akapumua. Akamgeukia. “Wewe... nawe... nisubiri.”

“Nitakusubiri, Babu.”

“Sasa... leta...” Kidole kikapanda juu. “Leta... ile...”

Chai? Fimbo? Koti? Kasuku akauma ulimi kweli kweli, mpaka ukamuuma.

“Ile... ma... mashine. Ya... sauti.”

Kasuku aliruka akamkumbatia, kisha akakumbuka. “Mashine iko shuleni, Babu! Mwalimu amenikataza kuja nayo. Nitaileta kesho!”

Babu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. “Nita... subiri,” akasema.

* * *

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Babu alikaa mstari wa mbele, ndani ya koti lake la stesheni, katikati ya Mama na Bibi. Mtaalamu wa matamshi naye alikuja. Simulizi ya Kasuku na Betri, iliyorekodiwa upya, ilipofika, taa zikazimwa na jina likaandikwa kwenye skrini: “Abiria wa Mwisho”.

“Abiria...” ikasema sauti ya Babu. Kisha kimya.

Katika kimya kile ikatokea picha ya mkono wake umeshika goti. Watu wakajiweka sawa vitini. Mzazi mmoja nyuma akanong’ona kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, “Imekwama!” Picha ikabadilika: macho ya Babu yanatazama juu, kana kwamba neno limekaa darini. Kasuku, aliyesimama kando ya kompyuta, akaweka mikono yake nyuma.

“...wa... mwisho.”

Ikaendelea hivyo, neno kwa neno. Palipokuwa na kimya palikuwa na picha: midomo ikijipanga kwa herufi, vifungo vya shaba, Bibi amesimama mlangoni na kitambaa mkononi, anasubiri naye. Polepole ukumbi ukabadilika. Minong’ono ikakoma. Kimya kilipokuja, watu waliinama mbele kidogo, na neno lilipotoka ukasikia pumzi za ukumbi mzima zikishuka. Ilipofika pale pa msichana na kiatu mkononi, walicheka kicheko cha furaha, na Bibi akajifunika uso. Picha ya mwisho ilikuwa benchi la barazani, na Babu akisema, “Ndiye... huyo.”

Makofi yalichukua muda mrefu kwisha. Mtu mmoja kati ya wazazi alisimama akasema, “Jamani, sauti ile mimi naijua! Huyu alinisubirishia treni siku mama yangu anajifungua mdogo wangu!” Babu akampungia mkono wa kulia. Kasuku aliuona mkono huo, ule mzito, ukipanda mpaka begani.

Mwalimu akapanda jukwaani. “Nimewafundisha wanafunzi hawa mwaka mzima jinsi ya kusimulia kwa sauti na picha,” alisema. “Leo wao wamenifundisha kusikiliza tena. Watoto wangu, mkichukua habari ya mtu, mmechukua amana. Msiipambe ikawa ya mtu mwingine, hata kama mnampenda. Tena hasa kama mnampenda. Mwacheni awe vile alivyo, na kama anachelewa, msubirini. Na mkikosea, semeni mapema, kama alivyofanya mmoja wenu, kabla kosa halijamnyamazisha mtu.” Hakumtaja. Kasuku aliinama akatazama viatu vyake, lakini alikuwa anatabasamu.

Wakati wa kuondoka walitoka pamoja, Babu akitangulia na fimbo yake, Mama kando, Kasuku katikati akiongea bila kituo kuhusu lile neno “imekwama”. Walipofika langoni Babu akasimama na kugeuka. Nyuma kabisa, kwenye ngazi za ukumbi, Bibi alikuwa bado anaagana na watu, na sasa alikuwa anakuja kwa haraka, mkoba kwapani, anainua mkono wasimwache.

Babu akajinyoosha ndani ya koti lake. Akakohoa kama alivyokuwa akikohoa zamani mbele ya kipaza sauti.

“Abiria...” akaanza.

Mama alilijua neno linalofuata. Kasuku alilijua. Hata mlinzi wa lango, aliyeiona simulizi akiwa amesimama mlangoni, alilijua. Wote wakamtazama Babu, wakanyamaza, wakangoja.

“Abiria... wa...”

Bibi akazidisha mwendo. Babu akamtazama anavyokuja, akapumua, hakuwa na haraka. Neno akalitoa pale tu Bibi alipofika na kumshika mkono.

“...mwisho.”